Inama, Chimba, Geuka!

Unajua, ndugu yangu! Usijifanye hujui!

Unajua kwamba shamba lako limechoka. Unajua kwamba mahindi yanayoanza kuwa manjano kutoka majani ya chini yana njaa. Unajua kwamba babu yako alijaza ghala palepale ambapo wewe unaambulia vigunzi. Bwana shamba hakukuambia jambo geni: umeliona kwa macho yako, umelishika kwa mikono yako, umelionja kila mwaka ghala linapokauka kabla ya mavuno.

Na bado unangoja!

Unangoja nini? Bei ya mbolea ishuke? Mwenye duka akukopeshe? Mvua ikuonee huruma? Ngoja ngoja huumiza matumbo, na matumbo yatakayoumia si yako peke yako. Ni ya wanao!

Sikiliza sasa, maana saa zinakwenda.

Vuta pumzi. Katika kila sehemu 100 za hewa uliyoivuta, 78 ni naitrojeni, chakula kilekile ambacho mahindi yako yanakililia. Juu ya kila hekta moja ya ardhi kuna zaidi ya tani 70,000 za naitrojeni. Tani, ndugu yangu, si kilo! Mimea yako imesimama ndani yake, inapepewa nayo, inalala nayo usiku kucha, na inakufa kwa kuikosa.

Kwa nini? Kwa sababu naitrojeni ya hewani imefungwa. Atomu zake zimeshikana mbili mbili kwa vifungo vitatu, na hakuna hindi, hakuna mtama, hakuna mpunga unaoweza kuvifungua.

Binadamu alivifungua kwa nguvu. Fritz Haber alionyesha njia, Carl Bosch akajenga kiwanda, na mwaka 1913 Ujerumani ikaanza kuzalisha. Joto la nyuzi zaidi ya 400! Mgandamizo wa mara 200 na zaidi kuliko wa hewa ya kawaida! Na leo gesi asilia ikitumika mchana na usiku! Huko ndiko inakotoka urea unayoipigia foleni. Mfuko wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni, na bei yake haipangwi kijijini kwako. Mwaka 2022 vita vya Ukraine vilipozuka, mkulima ambaye hakuwa na ugomvi na mtu alilipia vita hivyo dukani, mpaka serikali za Tanzania na Kenya zikaingia kutoa ruzuku.

Sasa shusha macho. Tazama chini ya mgunga ule unaotaka kuukata kuni!

Mle udongoni, kwenye mizizi, wamo bakteria wadogo usioweza kuwaona. Wanafungua vifungo vilevile bila tanuri, bila bomba la gesi, bila risiti. Wanafanya kazi katika joto la kawaida la udongo, wewe ukiwa umelala. Na wewe unaingia hapo na shoka!

Sikia wanavyofanya, ujue unachokichezea.

Mzizi wenye njaa hutoa kemikali udongoni. Bakteria wa jamii ya rizobia huihisi na kujibu kwa kemikali yao. Unywele wa mzizi hujikunja, huwazingira, huwapitisha ndani, na mahali hapo huvimba kinundu. Humo mti huwapa sukari iliyotoka kwenye majani, nao huupa mti naitrojeni iliyotoka hewani. Hakuna anayekula bure!

Tena tazama uangalifu wa kazi hiyo. Kimeng'enya cha bakteria hao huharibika kikiguswa na oksijeni, lakini bakteria wenyewe wanaihitaji oksijeni ili waishi. Basi ndani ya kinundu hutengenezwa protini nyekundu, ndugu wa ile iliyo katika damu yako, kuigawa oksijeni kidogo kidogo bila kudhuru. Chini ya miguu yako mna kazi ya hesabu kali kiasi hicho, nawe hujawahi hata kuinama kuitazama!

Inama! Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Fukua taratibu kando ya mche mchanga wa lusina au wa mgunga, wakati udongo una unyevu. Usivute, usikate, usiharakishe. Toa mzizi mwembamba, uoshe majini, tafuta vinundu, pasua kimoja kwa kucha. Ukikuta wekundu, kazi inaendelea. Ukikuta weupe, kazi haijaanza. Ukikuta kijani au weusi, kazi imekwisha.

Ukishauona wekundu ule, utasema nini tena? Kwamba hukujua?

Habari hii si ya jana. Mwaka 1886 Mjerumani Hermann Hellriegel alisimama Berlin akaeleza alichokiona. Njegere zilizopandwa kwenye mchanga uliochemshwa ukaondolewa uhai zilidhoofika kwa njaa. Zilipotiwa maji kidogo yaliyokorogewa udongo wa shambani, zilistawi. Udongo ulikuwa na kitu hai! Miaka 2 baadaye, mwaka 1888, Mholanzi Martinus Beijerinck aliwatoa bakteria wenyewe ndani ya vinundu na kuwaotesha. Zaidi ya miaka 130 imepita! Brazili ilisikia, ikamsikiliza mwanasayansi Johanna Döbereiner, na leo mashamba yake makubwa ya soya hulishwa naitrojeni na bakteria, karibu bila mbolea ya naitrojeni ya kiwandani. Wao waligeuka. Wewe je?

Wala usiniambie kwamba haya ni ya Wazungu na maabara zao.

Nani aliyewafundisha wazee wa Dodoma kuuacha mpogolo katikati ya shamba? Nani aliyewafundisha wakulima wa Malawi kuuzunguka msangu kwa jembe bila kuukata? Ni mti mmoja huo, wengine huuita mkababu. Mvua inaponyesha, miti yote ikivaa majani, wenyewe huyapukutisha. Jua linapowaka, miti yote ikiwa mitupu, wenyewe huchipua. Mahindi yaliyo chini yake hayanyimwi mwanga, hayanyang'anywi maji, na huangushiwa majani yenye naitrojeni mwanzoni mwa msimu, wakati yanapoyahitaji. Ng'ombe nao hula maganda yake wakati wa kiangazi, wakiangusha samadi papo hapo.

Wazee waliona, wakatunza, wakavuna. Sisi tumeona, tumekata, tumechoma mkaa!

Lakini subiri! Usikurupuke kupanda mti wowote ukajiona umeokoka.

Mkaratusi hauna vinundu. Msonobari hauna vinundu. Mwembe hauna vinundu. Mjohoro nao usikudanganye: ni wa ukoo wa kunde, una maganda, una maua ya kupendeza, lakini chimba utakavyo mizizi yake, kinundu hukipati. Mkwaju vivyo hivyo. Kuzaliwa katika ukoo mwema hakumwokoi mtu, wala hakuuokoi mti!

Vinundu utavikuta kwa mgunga, kwa mkababu, kwa mpingo na mninga. Utavikuta kwa lusina, glirisidia, kaliandra, sesbania na mbaazi. Na pale pwani utavikuta kwenye mvinje, ambao si wa ukoo wa kunde hata kidogo! Mvinje una bakteria wake wa aina nyingine, Frankia, wanaojenga vishada vigumu vya vinundu kwenye mizizi yake.

Mtu wa Mombasa, huna pa kukimbilia! Unalo la kutazama mlangoni kwako.

Pale Bamburi kiwanda cha saruji kilianza kazi mwaka 1954, kikachimba mawe ya matumbawe mpaka pakabaki shimo tupu: jiwe jeupe, chumvi, jua kali. Mwaka 1971 René Haller, Mswisi aliyekuwa akifanya kazi huko, alianza kupanda miti shimoni. Alijaribu aina 26. Zilizovumilia zilikuwa 3 tu, na mvinje ukawa wa kwanza wa kutegemewa. Mvinje juu ya jiwe! Frankia waliulisha naitrojeni mahali ambapo udongo haukuwapo. Majongoo wakala majani yaliyoanguka, wakayasaga, wakayageuza mboji. Mboji ikazaa udongo, udongo ukazaa miti mingine, na leo watoto wa shule wanatembezwa kwenye msitu wakiwaona viboko na twiga palipokuwa machimbo.

Ikiwa jiwe liligeuka msitu, shamba lako lina udhuru gani?

Nenda bara, fika Shinyanga. Miti ilifyekwa kumfukuza mbung'o. Miti ilifyekwa kupanda pamba. Miti ilifyekwa kwa kuni na malisho, mpaka ardhi ikabaki uchi, vumbi likitimka, mifugo ikikonda. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Wataalamu hawakuleta muujiza kutoka ng'ambo! Walirudi kwa Wasukuma wenyewe, kwenye ngitili, desturi ya kutenga eneo la malisho lipumzike lijiotee. Mwaka ule ngitili zilizosalia zilikadiriwa kuwa kama hekta 600. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilizidi hekta 300,000. Migunga iliyodhaniwa imekufa iliibuka kutoka visiki vyake na mbegu zake, na chini yake wakafanya kazi walewale wasioonekana. Mwaka 2002 dunia ikaipa HASHI Tuzo ya Ikweta.

Hawakungoja wapate fedha nyingi. Waliacha kufyeka, waliacha kuchoma, waliacha kulisha kila kichaka. Waligeuka, na ardhi ikawajibu!

Sasa nikuambie hatari, usije ukasema hukuonywa.

Kila tani ya mahindi unayoipakia kwenye lori, magunia 10 ya kilo 100, inaondoka na takriban kilo 15 za naitrojeni ya shamba lako. Mwaka huu, mwaka kesho, mwaka keshokutwa! Shamba lako limekuwa chungu kinachopakuliwa asubuhi, mchana na jioni, na hakuna anayetia unga. Utakwangua ukoko mpaka lini?

Halafu baada ya kuvuna unawasha kiberiti! Unayachoma mabua, unayachoma majani, unayachoma magugu, unasema unasafisha. Unasafisha nini? Moshi ule ni naitrojeni yako inayorudi hewani. Majivu yanayobaki yana madini mengine, lakini naitrojeni nyingi imekwenda. Na udongo uliobaki mtupu unaokwa na jua mpaka bakteria wa juu juu wanakufa kwa joto.

Hatari nyingine ni pupa. Kumbuka Baringo! Mwanzoni mwa miaka ya 1980 uliletwa mti wa mathenge kuzuia jangwa. Una vinundu, unavumilia ukame, unakua haraka, kwa hiyo ukasifiwa. Nao ukatapakaa, ukafunga njia, ukameza malisho, na maganda yake matamu yakaharibu meno ya mbuzi, mpaka wananchi wakaenda mahakamani. Vinundu peke yake si ruhusa ya kupanda! Uliza mti utakavyoenea, uliza nani ataupogoa, uliza wenye ujuzi kabla hujachimba shimo. Hata lusina usipoikata huenea.

Na hatari kubwa kuliko zote ni hii unayoifanya sasa hivi: kuahirisha.

Glirisidia uliyoipanda leo utaanza kuipogoa kwa faida baada ya miaka 2 au 3. Mkababu utakuchukua miaka zaidi ya 10 kabla faida yake haijaonekana kwenye mavuno. Mti hauhongwi, haupelekwi mbio, haukopi miaka! Ukisema mwaka kesho, umemwibia mtoto wako msimu. Ukisema tena mwaka kesho, umemwibia misimu miwili. Ukisema mara kumi, umemwachia jangwa na hatimiliki yake!

Najua unachotaka kujibu. Nimekusikia kabla hujafungua mdomo.

Unasema shamba ni dogo. Panda mpakani! Panda kwenye makinga maji! Panda kaliandra kandokando ya boma, umkatie ng'ombe wa maziwa. Wafugaji wa Embu walijifunza kwamba kilo 3 za majani yake mabichi huweza kushika nafasi ya kilo 1 ya chakula cha dukani, na samadi inarudi shambani.

Unasema ardhi umekodi, leo yako, kesho ya mwenyewe. Panda mbaazi kati ya mistari ya mahindi! Itakupa chakula, itakupa kuni, itakuangushia majani ndani ya msimu mmoja. Ukivuna usiing'oe. Ikate, uiache mizizi na vinundu vyake vioze chini.

Unasema ulipanda na hukuona kitu. Je, uliupogoa? Mti ulio hai haumgawii jirani naitrojeni nyingi kwa mizizi. Utajiri wake mwingi umo kwenye majani. Usipokata matawi ukayarudisha udongoni, umefuga tajiri asiyetoa sadaka! Wakulima wa Malawi na wa mashariki ya Zambia walipata mahindi zaidi kwa kukata majani ya glirisidia na kuyafukia, au kwa kuliacha shamba na sesbania miaka miwili kisha kulilima. Walikata, walifukia, walipanda. Wewe ulipanda ukaenda zako!

Au pengine bakteria hawakuwapo. Mti mgeni mara nyingi hufika peke yake, bila bakteria unaoelewana nao. Chukua udongo chini ya mti mkubwa wa aina ileile, wenye afya, uuchanganye na udongo wa viriba kitaluni. Kwa mvinje ni lazima zaidi: udongo wa chini ya mvinje mzee, au vinundu vyake vilivyopondwa. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wa Chuo Kikuu cha Sokoine kule Morogoro wameshatengeneza bakteria wa kupaka kwenye mbegu za jamii ya kunde. Waulize! Mlango wao haujafungwa.

Au pengine bakteria walikuwapo, wakashindwa. Hawawezi kazi bila fosforasi: watilie mbolea ya fosfeti, na kwenye udongo wenye asidi fosfeti ya Minjingu inafaa. Hawapendi asidi kali: tia chokaa. Hawapendi maji yaliyotuama: fungua mifereji. Wala usiwamwagie urea nyingi, maana mzizi ulioshiba naitrojeni ya mfukoni hauwaiti tena, na vinundu havioti.

Sikwambii uitupe mbolea ya dukani kesho asubuhi. Mahindi yenye njaa kali huyahitaji yote mawili. Nakwambia acha kuitegemea peke yake, acha kumfukuza anayekulisha bure, acha kuabudu mfuko!

Basi chagua, ndugu yangu. Chagua, mama uliyeinama palizini tangu alfajiri. Chagua, kijana uliyeachiwa ekari mbili za marehemu baba na sasa unazitafutia mnunuzi.

Kuna njia ya kiberiti. Ni nyepesi, ni ya haraka, inaishia kwenye vumbi. Kuna njia ya mti. Ni ya jasho, ni ya subira, inaishia ghalani. Hakuna njia ya tatu! Anayesema bado anafikiri ameshachagua ya kwanza, kwa sababu shamba linaendelea kupakuliwa yeye akifikiri.

Geuka kabla ya vuli! Kama vuli imekupita, geuka kabla ya masika!

Wiki hii usichome bua hata moja: litandaze. Wiki hii mkababu au mgunga uliojiotea katikati ya shamba usiung'oe: uwekee kijiti, uuzungushie miiba, uukinge na mbuzi. Wiki hii tafuta mbegu, jaza viriba, tia udongo wa chini ya mti mzee. Mwite jirani aone wekundu wa kinundu kwa macho yake. Mwite mwanao ashike kopo la maji, kwa maana mti huu utakuwa wake.

Umeshasikia. Umeshaelewa. Kisingizio kimekwisha!

Mvua ya kwanza ikikukuta na mche mkononi, umegeuka, na shamba litakushuhudia. Ikikukuta na kiberiti mkononi, basi mwezi wa njaa utakapofika usiilaumu serikali, usiilaumu mbegu, usimlaumu Mungu.